PEG au polima zenye chaji mbili?
Kifaa kikigusa damu, protini huanza kukigandamia ndani ya sekunde chache. PEG (poliethilini glikoli), polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayopakwa juu ya kifaa, huzuia hilo kwa kushika maji kupitia bondi za haidrojeni. Minyororo yake ikisongamana kama nyasi, protini hukosa pa kutua. Imezoeleka, lakini oksijeni huitafuna taratibu, na baadhi ya watu wana kingamwili dhidi yake.

Polima zenye chaji chanya na hasi pamoja, kama za betaini, hushika maji kwa nguvu zaidi. Zile za fosforilikolini huiga utando wa seli, na tayari zimo kwenye baadhi ya lenzi za macho. Tabu yake? Nyingi hugoma kuyeyuka katika viyeyusho vya kikaboni.

Kwa kipandikizi cha kukaa mwilini miaka, ningechagua hizi zenye chaji mbili. Kwa jaribio la siku mbili maabara, PEG yatosha.