Uzoefu wangu: mwaka mmoja nikizuru viwanja vya ndege kutoka Magongo, Mombasa

Kwa miaka 22 nilikuwa napakia na kuteremsha mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa, ambao sisi wakongwe bado twauita Port Reitz. Kila sanduku lina tagi, na kila tagi ina herufi tatu kubwa: FRA ya Frankfurt, MXP ya Milano, ADD ya Addis Ababa, ZNZ ya Zanzibar. Herufi hizo nilizijua kama majina ya wanangu, lakini miji yenyewe sikuwahi kuikanyaga. Nilipostaafu, mwanangu wa pili aliniletea kompyuta aliyokuwa akiitumia kazini, akaniwekea Microsoft Flight Simulator, programu ya kurusha ndege kwenye skrini. "Baba," akaniambia, "sasa nenda ukaone yale masanduku yalikuwa yakienda wapi." Ni mwaka na miezi miwili sasa, na siku nyingi baada ya Isha mimi niko angani.

Nianze na mambo ya pesa, maana ndiyo mtu huuliza kwanza. Toleo nililo nalo ni lile lililotoka Agosti 2020, kazi ya Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa. Dunia nzima imo, imeundwa kwa picha za setilaiti, pamoja na viwanja zaidi ya 37,000. Vichache, 30 katika toleo la bei ya chini lilipotoka, vimejengwa kwa mkono hadi rangi za mistari juu ya lami. Vingi vilivyobaki vimeundwa na kompyuta. Kairo, Cape Town na Schiphol ya Amsterdam vilivyojengwa kwa mkono viliwekwa kwenye toleo la kati. Frankfurt, Dubai na Heathrow kwenye la ghali kabisa. Mimi nilikuwa naitaka FRA, kwa hivyo mwanangu akaongeza pesa. Kama huna uwanja unaokukaa moyoni, la bei ya chini lakutosha.

Kompyuta iwe na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 16 (8 ndicho kima cha chini kilichotangazwa) na nafasi ya gigabaiti 150. Kupakua kulinichukua usiku nane, kwa sababu mtandao wa hapa nyumbani hukatika ovyo. Stima nayo imewahi kupotea mara mbili nikiwa nimebakisha dakika chache kutua, baada ya safari ya saa tatu. Inauma. Nunua betri ya akiba kabla hujanunua hata jostiki, ile fimbo ya kuongozea ndege. Toleo la 2024 huvuta vitu vingi zaidi kutoka kwenye intaneti wakati unaruka, na hiyo ndiyo sababu sijahamia huko.

Sasa nije kwenye utamu wenyewe. Vijana wengi wakiipata programu hii hufungua ramani, hubonyeza Dubai, huparamia ndege kubwa, na baada ya wiki wamechoka. Mimi nashauri uondoke kwenu kwa Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne, uende kituo kwa kituo. Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa Nairobi. Sikutumia mitambo ya kuniongoza. Niliifuata reli tu. Mariakani, Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, yote niliyapita kwa juu, na mkono wa kushoto Kilimanjaro imejitokeza juu ya mawingu. Barabara hiyo nimeisafiri kwa basi mara nyingi kiasi kwamba naijua kila kona, lakini sikujua kwamba Tsavo ni kubwa vile. Unaruka, unaruka, bado ni Tsavo.

Kule Nairobi ndiko nilikopata somo la kwanza. Nikiondoka Mombasa, kile kidege hunyanyuka upesi. Embakasi, kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta, kilikimbia, kikakimbia, ndipo kikakubali kupaa. Uwanja wetu uko mita 61 tu juu ya bahari, na njia yake kuu ya kurukia ina urefu wa mita 3,350. Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu, na njia yake ni mita 4,117. Hewa ya juu ni nyepesi: mabawa hupata kidogo cha kushika, injini nayo hukosa pumzi. Kazini nilizoea kuwasikia wahandisi wakilijadili jambo hilo huku tunapakia, na kwangu yalikuwa maneno tu. Sasa nililihisi mkononi.

Kwa hiyo nikaanza kuvichagua viwanja kwa kile kinachovisumbua. El Alto, juu ya La Paz kule Bolivia, uko mita 4,061. Cessna yangu haikuundwa kupanda mbali zaidi ya hapo, na hata nilipopunguza petroli inayoingia kwenye injini, kama inavyotakiwa huko juu, ilijikokota tu juu ya paa za nyumba. Lukla, Nepal, njia ni mita 527 na imeinama kama mteremko wa kuelekea kivuko cha Likoni. Ndege hutua ikipanda na kuondoka ikishuka, na mbele kuna mlima, kwa hivyo ukishakaribia hakuna kughairi. Nilijaribu mara kumi na moja. Ya kumi na moja nilisimama mahali panapotakiwa, nikatoa mikono kwenye jostiki, jasho linanitoka.

Lakini uwanja nilioupenda kuliko vyote ni Barra, kisiwa kidogo cha Scotland. Njia za kurukia ziko kwenye mchanga wa ufuo! Ni tatu, zimewekewa alama za nguzo za mbao, na maji yakijaa hufunikwa na bahari. Ratiba ya ndege hupangwa kwa kupwa na kujaa. Nilipofika pale nilimwita jirani yangu, mvuvi wa siku nyingi, aje aone. Akakaa kimya, kisha akauliza: "Na siku za bamvua wanafanyaje?" Tulikaa hadi karibu saa sita za usiku tukilizungumza hilo, yeye akinichorea juu ya gazeti jinsi maji yanavyoingia kwenye ghuba yenye umbo kama lile.

Frankfurt nilifika baada ya miezi mitano. Sikukawia kwenye jengo la abiria. Nilienda moja kwa moja hadi maegesho ya ndege, nikazima injini, nikaizungusha kamera hadi kwenye magari ya mizigo. Matoroli yamepangwa mstari, na mkanda wa kuteremshia masanduku ni kama ule niliousukuma mimi, hata zile gurudumu ndogo za mbele. Nilitazama kwa muda mrefu.

Jambo moja nililolijutia: nilinunua nyongeza ya uwanja wa Mombasa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Jengo limependeza, lakini sehemu ya kupangia mizigo wameiweka upande usio wake. Nimemwandikia mara tatu na picha niliyoichora kwa mkono, sijajibiwa. Kwa viwanja vidogo vya Afrika, usilipe kabla ya kuona picha za kutosha, na ukiweza muulize mtu aliyefanya kazi pale.

Hali ya hewa huletwa ya wakati ule ule, na hii kwangu ndiyo thamani kubwa. Miaka yote kazini niliona ndege zikija miezi kadhaa kwa upande wa bahari ya Port Reitz, kisha zikageuza zikawa zinakuja kwa upande wa pili. Njia yetu kuu ya kurukia imeandikwa 03 mwisho mmoja na 21 mwisho mwingine, yaani nyuzi 30 na 210 za dira. Ndege hutua ikiukabili upepo. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki, na kusi hutoka kusini. Pepo zile zile zilizoleta majahazi na kuyarudisha ndizo zinazoamua ndege inakuja kwa mlango gani.

Juzi kaskazi ilikuwa inavuma, mabati ya jirani yanalia. Nilikuwa narudi kutoka Zanzibar. Kwenye skrini mikoko ya Port Reitz ikapita chini yangu, nikaelekeza pua ya ndege kwenye upepo, na namba 03 ikawa inakua mbele yangu, nyeupe juu ya lami. Mjukuu wangu, aliyekuwa begani mwangu, akaisoma kwa sauti kabla magurudumu hayajagusa.