Uzoefu wangu: msimu mzima na programu ya kutabiri jedwali la ligi

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Amu, na ni mtu wa Arsenal tangu utotoni. Msimu wa 2023/24 nilianza kulipa shilingi 250 kila mwezi kwa M-Pesa ili nitumie programu moja ya simu inayotabiri jedwali la mwisho la ligi ya Uingereza. Jina lake siliandiki, maana ziko nyingi za namna hii na tabia zao hazipishani sana.

Barazani Langoni niliulizwa inavyofanya kazi mpaka kahawa ikapoa, basi nianze na hilo. Kila timu hupewa namba mbili, ya ukali wa kufunga na ya uimara wa kuzuia, kufuatana na mechi ilizokwisha kucheza. Anayecheza nyumbani huongezewa kidogo. Namba hizo zikikutanishwa hutoa wastani wa magoli yanayotarajiwa kwa kila upande, kisha kanuni ya Mfaransa Poisson hugawa uwezekano wa goli 0, 1, 2 na kuendelea. Tuseme mwenyeji anatarajiwa kufunga 1.6 na mgeni 1.1: sare ya bila kufungana ina uwezekano wa karibu asilimia 7. Programu hupiga kura kwa uzito huo, huandika matokeo, huenda mechi ya pili, mpaka zimalizike zote 380. Huo ni msimu mmoja. Kisha huanza upya, mara 10,000, ikihesabu kila timu imemaliza nafasi gani na mara ngapi. Ukisoma kwamba Arsenal wana asilimia 23 za ubingwa, maana yake katika misimu 2,300 kati ya hiyo 10,000 kombe lilikuja kwetu.

Njia yenyewe si mpya. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam alikuwa akijiuguza huku akicheza karata peke yake, akataka kujua uwezekano wa karata kukamilika. Akaona kuliko kuumiza kichwa na kanuni, ni wepesi kuzicheza mara nyingi na kuhesabu. Ndipo likaja jina Monte Carlo, kwa ajili ya kasino ya Monako.

Mzee mmoja, fundi wa majahazi, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Maalim, hiyo ni ramli." Nilimwambia, "La, mzee wangu. Mpiga ramli hukupa jibu moja. Hii hukupa majibu yote, kila moja na fungu lake." Hakuridhika. Alitaka jina la bingwa, na jina silo nililokuwa nalo.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la programu hii. Ukiifungua, ukurasa wa kwanza unakuonyesha jedwali moja, limepangwa kama ndilo litakalotokea. Jedwali hilo ni wastani wa misimu yote iliyochezwa ndani ya kompyuta, na wastani huwavuta wote katikati: timu iliyofanya vizuri sana katika misimu fulani na vibaya katika mingine hubaki na pointi za kadiri. Ligi halisi haiendi hivyo. Msimu ule Manchester City walimaliza na pointi 91, na Sheffield United wakashuka na 16 baada ya kufungwa magoli 104. Mwezi wa Agosti hakuna wastani ungemwekea mtu 16. Rafiki zangu wote walitazama ukurasa ule, wakacheka, wakafunga simu. Utajiri uko ndani, ukibonyeza jina la timu: unaona fungu la kila nafasi, kuanzia ya 1 hadi ya 20. Huo ndio ungekuwa ukurasa wa kwanza.

Kosa jingine: toleo la bure huchezesha misimu 100 tu na halikwambii maana yake. Kwa misimu 100, jambo lenye uwezekano wa nusu kwa nusu linaweza kusomeka asilimia 42 leo na 57 kesho, na hakuna lililobadilika uwanjani. Kwa misimu 10,000 haliondoki sana kwenye 50. Kama huna nia ya kulipa, usikeshe ukiangalia namba zinavyopanda na kushuka.

Nililolipenda kwa moyo wote ni kule kuweka matokeo yako mwenyewe na kuona ligi inavyogeuka. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024 nilikitumia kipengele hicho mpaka bando likaisha. Saa kumi jioni Liverpool walifungwa kwao na Crystal Palace, moja bila. Tukashangilia. Saa kumi na mbili na nusu tukaingia sisi, Aston Villa wakatufunga mbili bila pale pale nyumbani. City wakawa na 73, sisi 71, mechi sita zimebaki. Barazani walisema pointi mbili si kitu. Programu ilishusha fungu letu vibaya, nami nikakaa nikakokotoa kwa mkono nijue kwa nini.

Wape City asilimia 75 za kushinda kila mechi. Kuzishinda zote sita ni 0.75 ukiizidisha kwa yenyewe mara sita, yaani karibu asilimia 18 tu. Kwa hiyo kutarajia wateleze hakukuwa upuuzi hata kidogo. Ila kuteleza kwao peke yake hakukutosha, sisi nasi ilitubidi tusiteleze, na uwezekano wetu wa kushinda zote sita ulikuwa mdogo vilevile. Basi sisi tukashinda zote sita. Nao wakashinda zote sita. Pointi 91 kwa 89, tofauti ya magoli sawa, 62 kwa 62. Mpaka leo nikiandika hivi kifua kinanibana.

Usiku wa tarehe 14 Mei, City walipokuwa kwa Tottenham, wanaongoza moja bila, Son wa Tottenham alibaki uso kwa uso na kipa wa City, Ortega, dakika ya 86. Ortega akautoa mpira kwa mguu. Lile goli lingeingia, pengine tungeamkia siku ya mwisho tukiwa sawa kwa pointi. Badala yake tulihitaji kuwafunga Everton na City wasishinde. Nilikadiria 0.8 kwa 0.15, yaani asilimia 12, nikawaambia wenzangu hivyo kabla ya magharibi. Tulishinda mbili moja. City walishinda tatu moja.

Kuna mambo ambayo hakuna kura itakayoyapiga. Everton walikatwa pointi 10 Novemba, zikapunguzwa kuwa 6 Februari, wakakatwa nyingine 2 Aprili. Nottingham Forest walikatwa 4 Machi. Programu yangu ilichukua siku kadhaa kuziingiza, na siku hizo zote hesabu ya kushuka daraja ilikuwa haifai kitu. Kwa mtu anayelipa, hilo halikubaliki.

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni vifungo vya kubeti vilivyopachikwa pembeni ya kila asilimia. Nina wanafunzi waliopoteza karo huko. Wanaona 80 wanasoma "hakika," wakati 80 maana yake kila mechi tano, moja inakwenda kombo. Nimewaandikia wenye programu mara mbili kwamba ningelipa hata shilingi 400 nipate toleo lisilo na vifungo hivyo. Hawajajibu.

Ligi ya Kenya haimo, wala siwezi kuitumia kwa ligi yetu ya vijana inayochezwa Twaif. Hiyo nimeianza mwenyewe kwenye jedwali la kompyuta: timu 10, nyumbani na ugenini, mechi 90. Ugumu wake ni kwamba baada ya mechi tatu timu iliyofunga magoli tisa inaonekana haishikiki, basi namba za kila timu nazivuta kuelekea wastani wa ligi mpaka mechi ziwe nyingi.

Nimelipia tena. Kidato cha tatu, tukifika kwenye uwezekano, nitawagawia dadu na ratiba ya Twaif, kila kikundi kicheze msimu wake mzima kwa mkono, kisha tukusanye majedwali yote ubaoni.