Buick Grand National ya 1987: Tathmini ya Dereva wa Nakuru

Sisi wakazi wa Nakuru huijua hewa nyembamba kwa masikio. Gari la kawaida linapopita Salgaa na kuanza kuupanda mlima kuelekea Mau Summit, injini hupandisha sauti bila kuongeza mwendo, na dereva huona aibu kidogo anapopitwa na gari ambalo Mombasa lingebaki nyuma yake. Mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano, na injini inayovuta pumzi kwa nguvu zake yenyewe hupoteza uwezo kwa kadiri hiyohiyo. Ndiyo maana vijana wa hapa hupenda Subaru zenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, na ndiyo maana mimi mwenyewe nimeendesha Forester ya tabo kwa miaka saba. Naeleza haya mapema ili msomaji ajue nilikuwa na masikio ya aina gani nilipoketi, kwa mara ya kwanza, nyuma ya usukani wa Buick Grand National ya mwaka 1987.

Gari lenyewe nililikuta Michigan nilipokwenda kumtembelea binamu yangu. Jirani yake, mzee aliyestaafu, alilinunua likiwa jipya na hajawahi kuliuza. Aliposikia kwamba nimetoka mahali ambapo watu hubishana juu ya tabo kama wanavyobishana juu ya siasa, alinikabidhi ufunguo na kuketi kando yangu.

Kwa macho, gari hili halijisifu. Ni Buick Regal ya milango miwili, yenye umbo la sanduku, ambayo pasipo rangi yake ungedhani ni gari la mzee wa kanisa. Ila karibu kila kitu ni cheusi: mwili, bampa, hata wavu wa mbele, bila ya ule mng'aro mwingi wa kromu ambao Wamarekani waliupenda miaka mingi. Grand National ya kwanza, ya mwaka 1982, haikuwa nyeusi kabisa; weusi huu ulianza mwaka 1984, na ndio uliolipa sura ambayo haijachakaa hadi leo. Bonneti ina nundu ndogo, basi. Ndani kuna viti vya kitambaa cha kijivu na plastiki nyingi ya bei ya chini, na sina la kuusifia upande huo.

Kinachostahili maneno mengi kiko chini ya bonneti. Magari ya nguvu ya Kimarekani ya miaka ya 1960 yalikuwa na injini kubwa za silinda nane, na njaa ya petroli iliyokuja na mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ilichangia kuyamaliza karibu yote. Buick walikuwa wameiuza mitambo ya injini yao ndogo ya silinda sita kwa kampuni iliyotengeneza Jeep mwaka 1967, kwa kuamini hawataihitaji tena. Mwaka 1974 waliinunua tena kwa sababu ilikula mafuta kidogo. Swali likawa: injini ya lita 3.8 itafanyaje kazi ya injini ya lita 6 au 7? Jibu lao lilikuwa tabo, yaani kutumia moshi wa ekzosi, ambao vinginevyo ungepotea hewani, kuzungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Mwaka 1976 gari lao lenye injini ya aina hiyo liliongoza msafara wa mbio za Indianapolis 500, na mwaka 1978 tabo iliingia katika Regal zilizouzwa kwa umma.

Hatua iliyolifanya gari hili kuwa lilivyo ilikuja mwaka 1986. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto huingia kwa kiasi kidogo ndani ya silinda na kuifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Mafundi wa Buick waliongeza intakula, rejeta inayoipoza hewa baada ya kutoka kwenye tabo, na nguvu ikapanda hadi farasi 235, kisha 245 mwaka 1987. Mwaka huo Corvette, gari la michezo la kampuni hiyohiyo mama ya General Motors, ilitangazwa kuwa na farasi 240. Gari la familia lenye silinda sita lilikuwa limelipita gari la fahari lenye silinda nane, na jambo hilo halijasahaulika.

Sasa nieleze mwendo. Nilipoondoka taratibu, gari lilikuwa kimya na zito, likielea juu ya springi laini kama gari lolote la Kimarekani la zama zile, na kwa dakika kumi nilidhani nimedanganywa. Kisha tukafika kwenye barabara tupu, na mzee akanifundisha desturi ya gari: mguu wa kushoto ushikilie breki, mguu wa kulia ukanyage mafuta kidogo, usubiri mistari ya taa za kipimo cha tabo ipande, ndipo uachilie. Niliachilia. Sehemu ya nyuma ililala chini, pua ikainuka, na filimbi nyembamba ya tabo ikaanza kusikika juu ya ngurumo ya injini. Msukumo ulinibana kitini bila kupungua wakati giaboksi ya otomatiki ikipanda kutoka gia moja hadi nyingine. Kipimo cha mwendo kinaishia maili 85 kwa saa, takriban kilomita 137, na niliuachia mguu wangu nikiwa na hakika kwamba sindano ingefika mwisho wa kipimo gari likiwa bado na pumzi.

Tofauti na Subaru yangu ni kubwa. Forester hunisubirisha hadi injini izunguke kwa kasi ndipo ivute; Buick hufikia kilele cha msokoto wake, yaani nguvu ya kuzungusha, takriban Nm 480, kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Ni nguvu ya chini, ile ambayo dereva wa lori anayepanda Timboroa angeiomba. Nilipokuwa nikiendesha kwenye tambarare ya Michigan, fikra zangu zilikuwa kwenye mlima wetu, kwa sababu tabo huiongezea injini hewa ambayo mwinuko umeinyima, na gari hili lina ziada ya kutosha.

Kwenye kona, hata hivyo, silisifu. Pua ni nzito, usukani ni mwepesi kupita kiasi, na ekseli ya nyuma isiyogawanyika huruka kwenye barabara mbovu. Breki za nyuma ni za ngoma, na kwa gari lenye kasi hii hazitoshi. Tena mfumo wa kusaidia breki, unaotegemea pampu ya umeme, ni udhaifu unaojulikana, na wamiliki wengi wameung'oa na kuweka mwingine. Atakayelinunua gari la aina hii akague breki kabla ya kukagua injini, kisha atazame vipande laini vya plastiki vinavyounganisha bampa na mwili, maana hupasuka kwa uzee.

Kwa msomaji wa Kenya, ununuzi wenyewe umefungwa: sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane, na usukani wa kushoto ni kizuizi kingine. Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha, kwa kuwa ni katika nyanda za juu kama zetu ambapo gari hili lingeeleweka vizuri zaidi. Mwaka 1987 zilitengenezwa Grand National 20,193, pamoja na 547 za toleo maalumu liitwalo GNX, zilizoongezewa nguvu kwa msaada wa kampuni ya ASC/McLaren na kutangazwa kuwa na farasi 276. GNX leo ni mali ya wakusanyaji, nayo hukaa gerejini zaidi kuliko barabarani. Mimi ningechagua ile ya kawaida, ambayo mwenyewe haogopi kuiendesha kwenda dukani.

Niliporudi Nakuru nilimpelekea fundi wangu, mzee ambaye amefungua tabo nyingi kuliko yeyote ninayemjua mjini, sauti ya injini niliyoirekodi kwenye simu. Aliisikiliza mara mbili akiwa ameinama juu ya bonneti ya Forester yangu. Hakuuliza bei wala kasi.

"Mwanangu, mlipofika nyumbani mliizima injini papo hapo?"

Nilimweleza kwamba mzee wa Michigan alinizuia mkono nilipotaka kugeuza ufunguo. Tuliketi pale mbele ya nyumba yake kama dakika mbili, injini ikinguruma polepole, ili oili ya injini iendelee kupita na kuipoza tabo kabla ya kusimama.

"Basi huyo analijua gari lake," fundi alisema, akaniomba niicheze sauti ile tena kuanzia pale filimbi inapoanza.