Kijitabu cha majina ya watoto: kimeshiba maana, kimepungukiwa kwa mapacha

Kijitabu hiki nilikinunua mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba, na tangu siku hiyo hakijaondoka kando ya kitanda chetu. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kila jina la kike limepewa maana yake pamoja na sababu ya kuitwa: Subira, yaani uvumilivu, hupewa binti aliyesubiriwa kwa muda mrefu, Mwanajuma ni aliyezaliwa siku ya Ijumaa, kama alivyo Juma kwa wavulana, na Mwanaidi ni aliyezaliwa wakati wa Idi. Majina ya kiume kama Baraka na Rashidi, yaani aliyeongoka, yameelezwa kwa ufupi mno. Dosari iliyonisikitisha iko kwa mapacha, kwani Doto limewekwa upande wa wasichana pekee, ilhali kwa Wasukuma na Wanyamwezi anayetangulia huitwa Kulwa na anayemfuata Doto, awe wa kike au wa kiume. Nimelisahihisha pembeni kwa penseli. Herufi zinasomeka vizuri hata usiku, na ukurasa wenye jina la Neema tumeshaukunja pembe.