Uzoefu wangu wa kuchagua kozi ya fizikia ya likizo kabla ya mtihani wa kujiunga na chuo

Nilikuwa na wiki sita za likizo ya kiangazi kabla ya mtihani wa kujiunga na chuo, na fizikia ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Kozi ya kwanza niliichagua kwa sababu ambazo leo naona haya kuzitaja: ilitangaza saa nyingi za masomo ya video, na michoro yake ilipendeza. Kwa siku kumi nilimtazama mwalimu akikokotoa maswali kwa wepesi, nami nikiitikia kwa kichwa kila hatua. Nilipochukua karatasi tupu na mtihani wa mwaka uliopita, nilikwama kwenye swali la kwanza, la mzigo unaoteleza kwenye mteremko wenye msuguano, kwa kuwa sikujua nianze kuchora kani zipi.

Kozi ya pili niliichunguza kabla ya kulipa. Nililinganisha mada zake na muhtasari wa mtihani wenyewe, kisha nikauliza: kazi zangu zitasahihishwa na nani, na zitarudi baada ya siku ngapi? Nilijibiwa kwamba kila jibu lililoandikwa kwa mkono husomwa na mwalimu na kurudishwa ndani ya siku mbili. Jibu hilo lilinitosha.

Katika zoezi la kwanza niliulizwa mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi) wa mpira uliorushwa wima ni kiasi gani unapofika kileleni, nikaandika sifuri bila wasiwasi wowote. Karatasi ilirudi na maandishi mekundu pembeni: "Ikiwa kasi ni sifuri na mchapuko nao ni sifuri, mpira utashushwa na nini?" Nilicheka peke yangu, maana video za kozi ya kwanza zilikuwa zimetaja mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.8 m/s² kuelekea chini, mara nyingi, lakini hazikuwahi kunipa nafasi ya kukosea. Baadaye nilipewa betri ya volti 12 iliyounganishwa na kikinza cha omu 5, nikapata mkondo wa ampea 2.4. Mwalimu hakuandika jibu sahihi, ambalo ni ampea 2. Alizungushia duara tu ile omu 1 ya ukinzani wa ndani ya betri yenyewe, iliyokuwamo kwenye swali nami sikuitumia popote.

Kasoro zipo. Joto na mwanga vilikimbizwa katika wiki ya mwisho, wakati ambapo masahihisho nayo yalichelewa hadi siku nne, na majaribio ya kupimwa kwa saa yalikuwa mawili tu. Aidha, mtu ambaye trigonometria na vekta bado zinampiga chenga hataifaidi kozi hii, kwa sababu haisimami kumfundisha hayo.

Video za kozi ya kwanza bado ninazo; huzifungua ninapotaka kuona jinsi wimbi linavyosafiri, na kwa kazi hiyo zinafaa kabisa.