Hita ya hodhi la mifugo: nimeipa nyota nne, ya tano imeliwa na waya

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnapita kuangalia nyota tu: ndio, inunue, kama unafuga ng'ombe au farasi sehemu ambayo baridi inagandisha maji na umeme unafika mpaka bandani. Kwenye maandalizi yote ya shamba kabla ya majira ya baridi, kuziba nyufa za upepo, kupanga kuni pakavu, kuweka dizeli ya msimu wa baridi kwenye trekta isije ikatoa nta ikaziba filta, hakuna kitu kinachokupunguzia shughuli ya kila siku kama hii hita. Shughuli yenyewe ni ya kuvunja barafu kwa shoka alfajiri vidole vimekufa ganzi, unawanywesha, ukirudi baadae kidogo hodhi limeshafunga tena.

Ninayoizungumzia ni ile ya kuzamisha, wati 1500, koili yake imezungushiwa kikapu cha waya ili isigusane na hodhi. Unaiweka chini kabisa, unachomeka, umemaliza. Ndani ina thamostati inayoiwasha maji yakishuka karibu na nyuzi 4 hivi alafu inaizima yakipanda. Kuna na zile za kuelea, lakini mi sizipendi, ng'ombe akiwa hana la kufanya anaisukuma na pua siku nzima mpaka siku aitoe nje.

Sasa malalamiko mengi nayoyasoma kuhusu hizi hita kwa kweli si haki. Mtu anatumbukiza mkono anakuta maji ya baridi vilevile anaandika "mbovu, nirudishieni hela". Jamani hii haipashi maji ya kuoga! Kazi yake ni maji yasigande, basi. Usiku baridi ikikaza utakuta barafu imejijenga kandokando na katikati pako wazi, hapo ujue inafanya kazi yake. Mwingine anaijaribu sebuleni haiwaki anasema ameuziwa kopo. Haiwezi kuwaka kwenye joto, thamostati inaona hamna sababu. Ukitaka kuijaribu tafuta ndoo ya chuma, weka maji na barafu nyingi, zamisha hita uiache humo ipoe vizuri, ndo uchomeke, baada ya muda utaona maji yanachezacheza juu ya koili na ukitazama mita inahesabu haraka. Usichomeke ikiwa haina maji, nyingi huungua hapohapo. Na jaribu mapema, sio siku theluji imeshaanza kushuka ndo unagundua umenunua bovu kweli.

Umeme inakula, tusidanganyane. Wati 1500 ni yuniti moja na nusu kwa kila saa inayowaka, kwa hiyo ikiwaka saa 10 kwa siku ni yuniti 15 hizo, na kwenye boksi wameandika inabana matumizi, maneno ya boksi hayo. Kinachobana matumizi ni namna utakavyolifunika hodhi. Joto kubwa linapotelea juu, hasa upepo ukiwa unapita juu ya maji, kwa hiyo tengeneza mfuniko wa mbao uliopigiliwa foamu ngumu upande wa chini, ufunike sehemu kubwa ya hodhi ubakize nafasi ya kichwa kuingia tu. Pembeni na chini weka foamu pia alafu izibe kwa mbao, ukiiacha wazi wataitafuna yote. Sogeza hodhi mahali pana kinga ya upepo na jua linapiga mchana. Mahodhi ya ziada yapindue chini juu, bora moja wanalonywa wote maana maji yanaingia mapya kila saa, kuliko kuwa na matatu yote unayapigania yasigande. Ukifanya hayo yote hita inawaka muda mfupi sana, utaiona kwenye mita.

Nyota niliyokata ni ya waya. Ni mfupi mno, hata mita mbili haufiki, alafu kitabu cha maelekezo kinakukataza kutumia ekstensheni. Sawa, lakini ni nani mwenye soketi mita moja na nusu kutoka kwenye hodhi la ng'ombe? Matokeo yake watu wanaunga ekstensheni ya ndani ya nyumba, nyembamba, kiungio kimelala kwenye theluji, na moto wa mabanda mwingi unaanzia kwenye vitu kama hivyo, waya unapata joto, nyasi kavu iko pembeni. Dawa ni fundi akuletee soketi ya nje yenye kifuniko, juu kwenye nguzo, na swichi inayojikata umeme unapovuja. Waya wenyewe upitishe ndani ya bomba gumu mpaka ukingoni mwa hodhi, farasi wakishaujua watauvuta kwa meno.

Hiyo swichi msiichukulie kama urembo. Ukiona ng'ombe amekuja na kiu, ananyoosha shingo, pua inagusa maji tu anaruka nyuma, anajilamba, anasimama anayatazama maji bila kunywa, huyo hana kiburi, anapigwa shoti. Wewe uliyevaa gambuti kavu la mpira unaweza ukatia mkono usisikie kitu, yeye kwato zake ziko kwenye tope. Chomoa, pima volti kati ya maji na ardhi, angalia kama waya umechubuka na kama ethi ipo kweli. Wanyama watavumilia kiu muda mrefu kabla wewe hujashtuka, na ng'ombe wa maziwa anahitaji makumi ya lita kwa siku hata kwenye baridi, akipunguza kunywa anapunguza kula na maziwa yanashuka, farasi ndo mbaya zaidi maana anakula nyasi kavu tupu bila maji utumbo unaziba. Kuna wanaosema si watakula theluji, ila theluji inayeyushwa na joto la mwili, na hilo joto linatoka kwenye nyasi ulizohifadhi mwenyewe.

Kitu kingine ambacho tangazo halisemi, hita inalinda hodhi tu, bomba linaloleta maji halihusiki kabisa. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9 na bomba linapasuka, utajua siku barafu inayeyuka. Kama bomba la uani ni lile la kujikausha, ambalo vali yake iko chini ya kina cha ardhi inayoganda na maji yaliyobaki yanatoka kupitia kitundu cha chini kwenye kokoto, basi chomoa mpira wa maji kila ukimaliza. Ukiuacha umefungwa maji hayashuki yote, na bomba la kujikausha linaganda kama mengine.

Umeme ukikatika nayo inakuwa chuma tu ndani ya maji, hilo nadhani linajulikana. Mwenye jenereta aiweke nje mbali na madirisha na milango ya banda kwa sababu ya ile sumu ya moshi isiyo na harufu, na asichomeke jenereta kwenye soketi ya nyumba, umeme unarudi kwenye laini na kuua mafundi walioko juu ya nguzo.

Matunzo hayana mambo mengi. Chokaa ikijenga kwenye koili ilowekwe kwenye siki, tope la chini lisafishwe lisiifukie, na baridi ikiisha itoe ikauke uihifadhi, ila usiining'inize kwa waya wake maana unalegea pale unapoingilia na maji yanapata njia. Na kama una kuku tu au mbuzi wachache usinunue hii, ni kubwa mno, kuna ndoo zenye hita ndani ya kitako zinazokula wati chache sana, tafuta hiyo.