Bweni la wasichana katika shule ya kibinafsi, Mombasa: tathmini ya mzazi

Wazazi wengi wa Mombasa wanaotafuta shule ya kibinafsi huuliza kwanza matokeo ya mtihani wa kitaifa, kisha karo, na bweni huachiwa dakika chache za mwisho, wakati mgeni ameshachoshwa na jua na anatamani kurudi garini. Ningeshauri waanzie huko bwenini. Msichana anayelala shuleni hutoka darasani alasiri, na tangu hapo mpaka kengele ya asubuhi chakula chake, usingizi wake, maradhi yake na faragha yake viko mikononi mwa watu ambao mzazi hakuwahi kuwahoji. Kwa hiyo tathmini hii haigusi walimu wala maabara. Inahusu nyumba anamolala binti yangu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, katika shule moja ya pwani ya kaskazini. Jina la shule nimelihifadhi kwa kuwa angali huko, na baadhi ya nitakayoyasema hayatawafurahisha wenyewe.

Nilianza na milango. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, kila mlango uwe na upana usiopungua futi 5 na ufungukie nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Sisi wa Pwani hatuna udhuru wa kuyaona haya kama urasimu, kwani mwaka 1998 moto katika bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu, Kwale, uliwaua wasichana zaidi ya 20, na miongoni mwa yaliyowazuia kutoka ni vyuma vya madirishani. Nilikwenda na futi ya fundi, jambo lililomshangaza kidogo afisa aliyekuwa akinitembeza. Milango ilitimiza vipimo na madirisha yana wavu wa mbu tu, unaosukumika kwa mkono. Hata hivyo, mbele ya mlango wa dharura nilikuta masanduku ya bati yamepangwa hadi kifuani, kwa sababu chumba cha kuwekea mizigo hakitoshi. Yaliondolewa siku hiyo hiyo nilipouliza, lakini mlango wa dharura ambao mzazi ndiye wa kuukumbusha ni kasoro ya usimamizi, si ya jengo.

Vyumba hulala wasichana wanane katika vitanda vya ghorofa, na kila mmoja ana kabati lenye kufuli na chandarua chake. Wakati wa kaskazi joto la usiku ni adhabu kwa wanaolala juu, kwa kuwa pangaboi liko katikati ya chumba na hewa yake haifiki pembeni. Umeme ukikatika, jenereta huwasha taa lakini haliendeshi mapangaboi. Hili nimelilalamikia kwa maandishi, na jibu nililopata lilikuwa la adabu sana bila kuwa na chochote ndani yake.

Maji ndiyo shida kubwa zaidi. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya mji huu, maji ya bomba hayaji kila siku, na shule hutegemea kisima chake chenye maji ya chumvi, kikisaidiwa na maboza. Ya kunywa huchujwa na ni mazuri. Ya kuogea na kufulia ndiyo yanayokataa povu la sabuni, hukakamaza nywele na kuyafanya mashati meupe yawe na rangi ya chai ya maziwa kabla muhula haujaisha. Mabinti wameshajipangia ratiba ya ndoo: wa Gredi ya 10 huoga jioni kabla ya prepu, wakubwa huoga saa kumi na moja alfajiri. Shule inayotoza karo ya bweni inayokaribia nusu ya ankara nzima ya muhula, na juu yake malipo ya dobi, ina wajibu wa kuleta boza moja zaidi kwa wiki.

Sijamhamisha binti yangu kwa sababu ya matroni. Ni mama wa makamo, chumba chake kiko mlangoni mwa bweni, na hakuna mlinzi wala fundi wa kiume anayevuka kizingiti bila yeye kutangulia na kupaza sauti. Huzunguka vyumba baada ya taa kuzimwa saa nne, na tena usiku wa manane. Wasichana wageni huwaweka karibu na chumba chake wiki za mwanzo, na huwatambua wale wanaolia chini kwa chini bila kuwaaibisha mbele ya wenzao. Ana akiba ya sodo ambayo haiandikwi popote, hivyo binti aliyeshtukizwa na hedhi hajazishwi fomu wala haulizwi maswali. Ugomvi wa kuibiana vitu huumaliza yeye mwenyewe chumbani, na viranja hawana ruhusa ya kumpa mtu adhabu. Matroni wa zamu ya mwisho wa wiki ni wa kawaida tu. Anatimiza kazi, basi.

Sehemu iliyonikera ni mawasiliano. Simu za mkononi zimepigwa marufuku, nami naliunga mkono, na mtoto hupiga nyumbani Jumamosi kwa simu ya bweni. Lakini muhula uliopita binti yangu aliugua malaria, akalazwa katika chumba cha wagonjwa, na mimi nikaarifiwa siku ya pili, alipokuwa ameshaanza kupata nafuu. Muuguzi alimpima damu na kumpa dawa ipasavyo. Sina neno na matibabu. Neno langu ni kwamba ofisi hiyo hiyo hunitumia ujumbe wa karo alfajiri ya siku ya mwisho bila kuchelewa.

Chakula ni cha kuridhisha, wali wa nazi na maharagwe wakipendwa zaidi na githeri ikilalamikiwa na karibu wote, wakiwemo waliotoka bara. Kuhusu dini wamejipanga vizuri kuliko nilivyotarajia. Kuna chumba cha kuswalia ndani ya ua wa bweni, hivyo wasichana hawatembei gizani kwenda kuswali alfajiri, na wakati wa Ramadhani jiko huwashwa mapema kwa ajili ya daku, ilhali wenzao Wakristo hawaamshwi. Jumapili hao huenda ibada kwa basi la shule.

Kwa mzazi anayetaka mtoto wake alelewe kwa macho ya karibu, ningelipendekeza bweni hili licha ya maji yake. Kwa mwenye mtoto mwenye pumu au ngozi inayosumbuka kwa chumvi, ningemwambia atafute kwingine. Anayekwenda kulikagua asikubali siku ya wageni, ambapo shuka zote ni mpya. Aombe kufika jioni ya kurudi kutoka likizo fupi ya katikati ya muhula, wakati wazazi wa Likoni bado wamekwama kwenye feri, masanduku yanashushwa, na matroni anapokea watoto mmoja mmoja. Mlezi wa bweni huruhusu akiombwa mapema kwa barua. Na futi asiisahau.